Sefti Inapogoma: Kosa Liko Mkononi au Kwenye Chuma?

Anayelalamika kwamba sefti yake (kifaa kinachozuia silaha isifyatuke) ina hitilafu mara nyingi ana sefti nzima na kidole gumba kisichofundishika. Lakini mara chache chuma chenyewe huwa kimechakaa, na hapo ndipo watu huumia, kwa kuwa wamezoea kujilaumu wenyewe. Kwa hiyo kila dalili hapa chini tunaipima kwa swali moja: je, silaha ingefanya hivyo hivyo mkono ungekuwa umekosea, au ungekuwa sahihi?

Kuhusu maneno. "Kuweka sefti" hapa ni kuifanya silaha isifyatuke, na "kutoa sefti" ni kuifanya iwe tayari kufyatuka. Tumeepuka "kufunga" na "kufungua" makusudi. Ukimwambia mtu "fungua" akiwa na bunduki mkononi, mmoja atatoa sefti, mwingine atavuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu wa bunduki), na wa tatu atakuuliza unamaanisha nini. Uwanja wa shabaha si mahali pa tafsiri tatu.

Kabla ya kugusa chochote

Toa magazini (kasha la risasi) kwanza. Kisha vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) au bolti mara tatu, iache wazi, tazama chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa jicho na uipapase kwa kidole kidogo. Mpangilio huo haupinduliwi. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na papo hapo kuingiza nyingine, halafu anachomoa magazini akiamini silaha ni tupu. Risasi zote ziende chumba kingine. Mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka itazama: ndoo iliyojaa mchanga au kingo nene ya udongo.

Kwenye bastola ya 1911 na kwenye Makarov, sefti ikiwa imewekwa slaidi haivutiki. Maana yake unaitoa risasi chembani huku sefti imetolewa. Wakati huo kinachokulinda ni mwelekeo wa mdomo na kidole kilicho nje ya pete ya triga, basi. Bunduki ya Mauser 98 ilitatua hili kwa sefti ya hatua tatu: bawa la sefti likilala kushoto silaha iko tayari, likisimama juu haifyatuki lakini bolti inafunguka, likilala kulia haifyatuki na bolti imekazwa. Hatua ya katikati ndiyo ya kutolea risasi, na wanaomiliki bunduki hiyo bila kuijua si wachache.

Jaribio la msingi

Hili lifanyike silaha ikiwa tupu, kabla ya kubishana juu ya nani mkosaji.

1. Koki silaha (rudisha nyundo nyuma iwe tayari kuanguka), weka sefti, kisha vuta triga kwa nguvu kama mara mbili ya ile ya kawaida na uishikilie sekunde tano. Nyundo isianguke wala isisogee.
2. Achia triga. Kidole cha shahada kitoke nje ya pete na kilale juu ya fremu. Sasa toa sefti. Nyundo isianguke.
3. Vuta triga. Nyundo ianguke.
4. Rudia yote mara 20.

Nyundo ikianguka mara moja tu kati ya hizo 20 kwenye hatua ya kwanza au ya pili, jaribio limefeli. Usitafute wastani.

Kwa 1911 kuna hatua ya ziada ambayo mafundi huifanya wakiwa wametega sikio. Baada ya hatua ya pili, usivute triga. Shika nyundo kwa gumba uirudishe nyuma kidogo sana, kama unene wa karatasi chache, huku silaha iko karibu na sikio na mdomo ukielekea salama. Ukisikia "tik" ndogo, jino linaloshika nyundo lilisogea pale ulipovuta triga sefti ikiwa imewekwa, na sasa ndiyo limerudi mahali pake. Sefti haikulishikilia kikamilifu. Leo nyundo haikuanguka. Chuma kikilika kidogo zaidi itaanguka. Kimya ndiyo jibu unalolitaka.

Beretta 92FS haipimwi hivyo, kwa sababu wenzo wake wa sefti ulio kwenye slaidi huishusha nyundo unapowekwa. Hapo tumia penseli. Hakikisha tena silaha ni tupu, elekeza mdomo juu, tumbukiza penseli ndani ya mtutu upande wa kifutio ukitangulia, kisha shusha wenzo. Nyundo itaanguka kwa kishindo lakini penseli itulie. Ikiruka, pini inayolipua risasi inapigwa wakati haipaswi kupigwa, na bastola hiyo iende kwa fundi bila kupitia popote. Ukitoa sefti na kuvuta triga penseli iruke: hiyo ni pini kufanya kazi yake.

Dalili: unavuta triga, hakuna kinachotokea

Hii ndiyo dalili ya kila siku, na jibu lake liko kwenye ncha ya kidole cha shahada. Triga husema iko katika hali gani, ila watu wanaivuta kwa hasira kabla ya kuisikiliza.

Kwenye 1911 sefti ikiwa imewekwa, triga husogea unywele mmoja na kugonga ukuta. Kwenye bunduki ya AK sefti ikiwa imewekwa, ni ukuta tangu mwanzo. Kwenye 92FS sefti ikiwa imewekwa, triga inalegea, inarudi nyuma bila uzito wowote kama mlango uliotoka bawaba, kwa sababu imetenganishwa na nyundo. Kwa Glock, ambayo haina sefti ya gumba kabisa, triga iliyolala nyuma bila kurudi haina uhusiano na sefti: pini haijakokiwa, na mara nyingi ni kwa sababu slaidi haikuvutwa sawasawa. Na ukisikia mlio wa nyundo lakini risasi haikulipuka, sefti haihusiki. Weka mdomo kwenye shabaha, subiri sekunde 30 kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kulipuka, ndipo uitoe.

Tuseme ni ukuta, yaani sefti imewekwa. Kwa nini haikutoka?

Mara nyingi kidole gumba kiliteleza juu ya wenzo badala ya kuusukuma hadi mwisho. Wenzo ukibaki katikati, silaha nyingine hufyatuka na nyingine hukataa, na zote mbili ni mbaya. Gumba lisiguse wenzo na kuondoka. Kwenye 1911, livute chini kwa nyama ya kiungo cha kwanza, kisha likae hapo hapo juu ya wenzo muda wote wa kupiga. Likikaa chini ya wenzo, mtikisiko wa risasi unaweza kulifanya liupandishe wenzo tena katikati ya kupiga.

Kukaa huko juu kuna gharama yake. Gumba likipanda, kiganja nacho huinuka na kuacha uwazi nyuma ya mpini, mahali palipo na sefti ya pili ya 1911, ile inayobonyezwa na mkono wenyewe. Sefti hiyo isipobonyezwa triga haiendi, na mpigaji anaapa kwamba gumba lake lilishuka. Lilishuka kweli. Mjaribu hivi: ashike bastola tupu iliyokokiwa kama anavyoshika uwanjani, atoe sefti ya gumba, avute triga polepole mara kumi. Ikikataa hata mara moja, tazama nyuma ya mpini kama mwanga unapenya kati ya kiganja na chuma. Dawa ni sefti ya mpini yenye nundu chini, au kushika upya kuanzia kwenye mfuko wa bastola, kwa kuwa mshiko ulioharibika mfukoni hautengenezeki hewani.

Sababu ya tatu ni kuhama silaha. Mielekeo haifanani, na hakuna sheria ya dunia inayoilazimisha ifanane:

- 1911: wenzo juu ni sefti, chini ni tayari.
- Makarov: juu ni sefti, chini ni tayari, na kupandisha kunashusha nyundo.
- Beretta 92FS: kinyume. Chini ni sefti, juu ni tayari.
- AK: juu kabisa ni sefti; katikati ni risasi za mfululizo; chini kabisa ni risasi moja moja. Anayesukuma kwa nguvu zote huipita ya katikati.
- AR-15: alama ikielekea mbele ni sefti, ikisimama wima ni tayari.
- Mossberg 500: kitelezi mgongoni mwa bunduki, kikisogezwa mbele doti jekundu huonekana na bunduki iko tayari.
- Remington 870: kitufe nyuma ya triga, ukikisukuma kutoka kulia kwenda kushoto, pete nyekundu hujitokeza na bunduki iko tayari.

Mtu aliyepiga Makarov miaka mitano akipewa 92FS atashusha gumba, yaani ataweka sefti kwenye bastola iliyokuwa tayari, kisha atavuta triga iliyolegea na kudhani bastola imevunjika. Maelezo hayamsaidii. Yanayomsaidia ni marudio mia kadhaa ya polepole kwenye bastola mpya, na kuiweka ile ya zamani kabatini kwa wiki hizo. Ushauri wetu ni mkali zaidi: anayebeba silaha kwa kazi asichanganye mielekeo miwili.

Sababu ya nne ni ya 92FS na ndugu zake wenye wenzo kwenye slaidi. Mpigaji anapoondoa risasi iliyokwama, huikamata slaidi kwa kiganja kutoka juu, na msingi wa gumba hushusha wenzo bila yeye kujua. Amemaliza tatizo moja, amejitengenezea la pili. Baada ya kila kuvuta slaidi kwa namna hiyo, gumba lipande juu kwa nguvu kama sehemu ya mwendo ule ule, hata kama wenzo haukushuka.

Dalili: sefti haikubali kuwekwa

Uliza kwanza: silaha imekokiwa? Kwenye 1911 na AR-15 sefti haiwekeki nyundo ikiwa chini. Si ubovu, ndivyo zilivyoundwa. Kuilazimisha kwa koleo ni kukata kingo za chuma ambacho kesho utakitegemea. Kwenye AR-15 pia haiwekeki ukiwa bado umeshikilia triga nyuma baada ya kupiga. Achia triga, usikie inarudi, ndipo uweke.

Ikiwa imekokiwa na bado inakataa, tazama kama slaidi imefunga kabisa. Kwenye 1911 pengo la milimita moja au mbili huondoa kijishimo cha slaidi mbele ya wenzo, na wenzo haupandi. Unaponyimwa sefti hapo, bastola inakueleza kwamba risasi haijakaa vizuri chembani.

Baada ya hapo ni uchafu na vipuri. Mchanga mmoja chini ya kitufe cha Remington unatosha. Oili ya zamani iliyoganda kuwa gundi huonekana kama rangi ya chai nyeusi kwenye kitambaa. Kwenye 1911, vibao vya mpini vipya vilivyo vinene husugua wenzo. Kwaruzo la kung'aa kwenye mbao litakuonyesha pa kupunguza. Mrija mdogo ulio ubavuni, unaobeba springi ya sefti, ukilegea kutoka kwenye fremu unaweza kuukaza wenzo usishuke. Utikise kwa ukucha: ukicheza, peleka kwa fundi. Kwenye AR-15, springi ya sefti hushikiliwa na mpini wenyewe. Anayebadili mpini nyumbani mara nyingi huibana springi hiyo kando ya tundu lake, naye hushangaa kwa nini sefti iliyokuwa na "klik" safi sasa ni ngumu au imelegea. Fungua skrubu, nyoosha au badilisha springi, ingiza wima, kaza tena.

Dalili: sefti inatoka yenyewe

Iliwekwa asubuhi, mchana imetolewa. Tafuta kinachoisugua. Kwa bastola ni ukingo wa mfuko wa ngozi uliolegea, mkanda wa kufungia unaopita juu ya wenzo, au wenzo mrefu uliowekwa kwa ajili ya mashindano na sasa unabebwa kiunoni. Kwa bunduki ni mkanda wa begani, mfuko wa kifuani, au kichaka kinachobonyeza kitufe cha upande. Weka silaha tupu kwenye mfuko wake, sefti imewekwa, kaa na simama mara 30, inama, panda na shuka kwenye gari, halafu angalia. Ikiwa imetoka na hakuna kilichoigusa, klik imekufa: springi imechoka au ncha ya pini yake imelika. Sefti nzima hukataa kidogo kabla ya kuhama, kisha inaruka. Inayohama laini kama swichi ya redio ya zamani haibebwi.

Na gumba liwe na tabia ya kuigusa kila unapobadili mahali. Kugusa, si kuihamisha.

Dalili: silaha inafyatuka unapotoa sefti

Acha kila kitu. Silaha hiyo haitumiki tena hata kwa risasi moja ya kuhakikisha.

Kwanza ondoa uwezekano wa mkono. Baadhi ya watu, gumba likishuka, kidole cha shahada hujikunja nacho. Ni vidole vya mkono mmoja na vinafuatana. Rudia jaribio la msingi silaha ikiwa tupu, kidole cha shahada kikiwa kimenyooshwa juu ya fremu na mtu wa pili akikitazama. Nyundo ikikaa mara zote 20, shuku mkono na urudi kwenye mazoezi, lakini fundi bado aitazame. Ikianguka, chuma kina hatia.

Sababu za chuma ni chache na zinajulikana. Triga iliyopunguzwa uzito kupita kiasi, ama kwa skrubu ama kwa tupa, huacha jino likiishika nyundo kwa ukingo mwembamba. Kwenye bunduki za bolti, mafuta mazito yaliyoganda ndani ya kijumba cha triga huzuia kipande kidogo kurudi mahali pake baada ya triga kuguswa sefti ikiwa imewekwa. Kinachoizuia nyundo au pini isiende ni sefti peke yake, na ukiitoa inaenda. Ndiyo maana hatua ya kwanza na ya pili za jaribio hufanywa kwa kufuatana. Sababu nyingine ni sefti mpya iliyonunuliwa na kuingizwa bila kulinganishwa. Ya 1911 lazima ipigwe tupa kwa kila bastola kivyake. Anayeipachika ilivyotoka kwenye pakiti anacheza bahati nasibu.

Usimimine oili ndani ya triga ukidhani umetibu. Itaendesha vizuri kwa wiki mbili, kisha itashika vumbi na kuganda pale pale.

Kosa ambalo mazoezi yenyewe hulifundisha

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wakufunzi wengi hupoteza wanafunzi bila kujua.

Mazoezi makavu, yaani bila risasi, ni shule nzuri ya sefti. Dakika kumi siku tano kwa wiki zinafundisha kuliko saa mbili za Jumamosi. Lakini tazama kinachotokea kwa 1911 au AR-15. Mwanafunzi anatoa sefti, anavuta triga, "tak", nyundo imeshuka. Sasa anataka kuweka sefti kabla ya kurudisha bastola mfukoni, na sefti inakataa kwa sababu nyundo iko chini. Anairudisha hivyo hivyo. Akifanya mara 50 kwa siku, amejifunza mara 50 kurudisha silaha mfukoni bila sefti. Uwanjani, silaha ikiwa imejikoki yenyewe baada ya kupiga, mkono wake utafanya alichoufundisha: utaingiza mfukoni bastola iliyokokiwa, sefti haipo.

Tiba ni kukoki baada ya kila "tak", silaha ikiwa bado inaelekea shabaha, kisha kidole nje, sefti, kushusha, mfuko. Inachosha, ndiyo. Asiyetaka kuchoka apunguze marudio hadi 25, asipunguze hatua.

Kosa la pili ni la uwanjani. Mwanafunzi hupewa risasi 20, hutoa sefti mara moja, hupiga zote, huiweka mara moja. Amepiga 20 lakini ameitumia sefti mara mbili. Mpe zile zile 20 kwa amri ya risasi moja: inua, toa sefti mdomo ukiwa tayari unaelekea shabaha, piga, kidole nje, weka sefti, shusha. Sasa risasi 20 zimezaa matumizi 40 ya sefti. Gharama ni ile ile, isipokuwa muda na uvumilivu wa mkufunzi.

Sefti isitolewe ndani ya mfuko wala mdomo ukipita miguuni. Kidole kisiingie kwenye pete kabla ya sefti kutoka. Wakati wa kurudi, kidole hutoka kwanza, sefti hufuata. Mwanafunzi anayefanya kinyume asimamishwe hapo hapo, hata kama shabaha yake ina tundu katikati.

Akishazoea, ongeza kutojua. Mwenzake aiandae bastola tupu iliyokokiwa, aweke au aondoe sefti bila kumwonyesha, amkabidhi ikiwa kwenye mfuko. Mpigaji atoe bastola na kufanya mwendo ule ule wa gumba kila mara. Anayesita na kuinamisha kichwa aangalie bado anategemea jicho. Jaribu pia mkono mmoja, mkono wa kushoto peke yake, glavu, na vidole vilivyoloweshwa maji. Mwenye kutumia mkono wa kushoto kwenye silaha yenye wenzo upande mmoja asilazimishwe kuiga wa kulia: wenzo wa pande zote mbili ni kipuri cha kawaida kwa 1911 na AR-15. Kwa Mossberg hahitaji kitu, kitelezi kiko katikati ya mgongo. Ila bunduki hiyo hiyo ikifungwa mpini wa bastola, gumba halifiki bila kuachia mshiko, awe wa kulia au wa kushoto, na hapo cha kubadilisha ni mpini.

Weka daftari. Kila kipindi andika marudio mangapi, mara ngapi wenzo ulikwama katikati, mara ngapi ulisahau kuuweka. Makosa yakizidi mawili kati ya 25, punguza kasi nusu. Yakibaki mawili wiki tatu mfululizo kwa mtu yule yule huku wengine wanaotumia silaha hiyo hawana shida, rudi kwenye jaribio la msingi na upime wenzo kwa mkono wake, si kwa mkono wako.